Jambo la Nane

Mjomba wangu Jasril ana masikio makubwa. Nalisema mapema kwa sababu kijijini kwetu hakuna anayemzungumzia bila kuyataja. Utotoni wenzake walimwita Tembo. Alipofika miaka arobaini masikio yaleyale yakawa sifa, na waliomtania wakaanza kusema Mungu alijua alichokuwa akikifanya. Siku hizi Mjomba haketi tena mbele kwenye mikutano, na watu wa mbali huniuliza anaumwa nini. Haumwi kitu. Ana aibu, na mimi ninayo pamoja naye, na haya ninayoyaandika ni ya aibu hiyo.

Yeye ni kaka mkubwa wa mama yangu. Kwetu sisi watu wa Minangkabau mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo baba anakupenda na kukulisha, lakini mwenye kauli ni mjomba. Nilipotaka kwenda chuo cha ualimu, nilimwomba yeye. Nilipotaka kuolewa, ndiye aliyekwenda kuniombea mume.

Analima pilipili na kuchuna magome ya mdalasini, kazi ya watu wengi huku milimani. Ujanani alikwenda mjini Pekanbaru kutafuta maisha kama wanaume wetu wote, akauza mikanda sokoni. Alirudi baada ya miaka miwili na mikanda mingi kuliko aliyokwenda nayo. Mama anasema tatizo lilikuwa moja: mteja akisimama na kuanza kulalamika kuhusu mke, mgongo au mvua, Jasril alimpa kigoda akamsikiliza mpaka soko likafungwa. Mteja aliondoka amepona, mkanda umebaki. Nadhani huo ndio wakati Mjomba alikuwa msikilizaji wa kweli, na hakuna aliyemsifu.

Sifa zilikuja baadaye, na zilikuja kwa ajali. Kwetu watu hawachumbiani wala hawazikani bila wasemaji wawili kuketi kwenye mkeka, mmoja wa wenyeji na mmoja wa wageni, wakazungumza kwa maneno ya kupambwa. Msemaji hajibu kabla hajarudia mambo yote aliyoambiwa, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake. Akilirudia jambo, amelipokea. Akiliruka, amelikataa kwa adabu, na hakuna atakayemuuliza, kwa kuwa kuuliza ni kumlazimisha mtu akatae kwa mdomo mbele ya watu. Siku moja msemaji wetu alipatwa na kikohozi katikati ya shughuli, wazee wakatazamana, mwishowe wakamsukuma Jasril kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Akarudia mambo kumi na moja bila kukosea hata moja. Kuanzia siku hiyo hakuna harusi iliyopangwa bila yeye.

Kwenye kibanda cha kahawa walimchokoza kila asubuhi.

"Wee Jasril, rudia nilichosema!"

"Umesema mkeo amekufukuza, unalala kwa mama yako kama mtoto, na kahawa hiyo unayokunywa ni ya Syamsu."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, na Syamsu akanyakua kikombe chake.

Polepole akapata namna yake ya kukaa. Aliinama mbele kidogo, viganja juu ya magoti, kichwa kimeegemea upande wa kulia. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, akatulia, kisha mara moja. Msemaji akifika penye uzito, Mjomba alivuta pumzi ndogo kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mama alikuwa akisema, "Ukizungumza na kaka yangu unajiona una akili." Watu walikuja kwenye shughuli za wenyewe ili wamwone Jasril akisikiliza.

Mimi nilimwiga. Chuoni, kila tulipotoa mada na kujadiliana kwa vikundi, mwalimu alitoa alama za usikivu, nami nilipata za juu kuliko wote. Niliinama, nikaitikia kwa kichwa, nikarudia neno la mwisho la mwenzangu. Mara nyingi nilikuwa nikifikiria chakula cha mchana. Sikuona ubaya wowote.

Sasa uchumba wangu. Mume wangu Rinaldi ni mtoto pekee wa Mama Rosmaini. Hana dada, na mama yake pia hakuwa na dada. Msomaji wa kwingine anaweza asione uzito wa jambo hilo, lakini kwetu nyumba hurithiwa na binti, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Mama Rosmaini akiondoka, mlango wa nyumba ile ya mbao utafungwa na ukoo utakuwa umekwisha. Kila mtu alilijua hilo, na kwa kulijua sana tukaacha kulifikiria.

Ujumbe wetu ulikwenda nyumbani kwake na tambuu katika chombo cha shaba. Msemaji wao alikuwa Malin Bahar, kaka yake Mama Rosmaini, mzee mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Wanaume waliketi sebuleni, wanawake upande wa jikoni. Mimi sikuwepo, bibi harusi haendi. Niliyajua ya siku ile kwa kuhadithiwa na Mjomba mwenyewe, na alihadithia mara nyingi. Malin Bahar aliweka mambo saba: siku ya harusi, idadi ya watakaokuja kumchukua bwana harusi, mavazi, mwavuli, nani atabeba tambuu, na mengine ya namna hiyo. Mjomba aliyarudia yote saba bila kumeza mate. Chumba kilikuwa kimya, alisema, mpaka akasikia mafuta yakichemka jikoni.

"Mpwa wangu," aliniambia akirudi, bado amevaa kofia yake ya shughuli, "leo nimesema."

Nilimbusu mkono. Nilijivuna mpaka nikaona haya kidogo, haya ya utamu.

Niliolewa. Mama Rosmaini alikuwa na adabu kwangu, adabu ambayo huwezi kuilalamikia na huwezi kuikumbatia. Nilipompelekea chakula kabla ya Ramadhani, alinishukuru, akaosha vyombo, akanirudishia vikiwa vimekauka. Nilipojifungua binti, nililitafuta jina kwenye simu kwa wiki nzima, nikampa Mjomba alitangaze: Kirana. Watu wakasema jina zuri. Mama Rosmaini alikuwa ameketi karibu na nguzo. Naye akasema jina zuri, akaomba ambebe mtoto, akambeba muda mrefu. Alimwita Upiak, kama bibi wote wa huku wanavyowaita wasichana wadogo. Nikamwambia Rinaldi usiku ule kwamba mama yake ana moyo mgumu. Akazima taa.

Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka siku niliyowaletea wanafunzi wangu mwalimu wa kusikiliza.

Nafundisha lugha darasa la nane. Wanafunzi wangu wanapenda kutoa mada, na wakiwa kwenye vikundi kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze ili aseme lake. Nilichoka. Nikamwomba Mjomba aje, nikamwomba na Malin Bahar, waonyeshe kwa vitendo. Niliwaambia wafanye kama siku ya uchumba wangu, kwa maneno yaleyale. Niliona itapendeza. Kusema kweli, nilitaka darasa lijue mimi ni mpwa wa nani.

Tukatandika mkeka mbele ya ubao. Niliwaambia wanafunzi waandike kila jambo wanalolisikia. Malin Bahar akaanza. Hakusahau kitu yule mzee, alisema kama mtu anayetembea njia ya nyumbani kwake. Mjomba aliinama, viganja juu ya magoti, kichwa upande. Nikawanong'oneza wa mstari wa mbele, "Mwangalieni anavyokaa. Andikeni na hilo." Mwishoni sauti ya Malin Bahar ikashuka, mapambo yakaisha, akasema kitu kifupi kwa maneno ya kawaida. Mimi nilikuwa namwangalia Mjomba akiitikia kwa kichwa, mara mbili, kisha mara moja.

Mjomba akarudia. Lo, alirudia! Wavulana wa nyuma waliacha kusukumana. Alipomaliza nikapiga makofi peke yangu, kisha nikageukia darasa.

"Haya, mambo mangapi?"

"Nane!"

"Hesabuni vizuri. Saba."

"Nane, Mwalimu!"

Mutia, msichana mkimya asiyenyoosha mkono hata akijua jibu, alikuwa amenyoosha.

"Mutia, na wewe pia? Ndiyo yaleyale niliyowaambia, hamsikilizi. Huyu ni Mjomba Jasril, hakosei. Kaa."

"Mwalimu, nimeandika."

"Haya, soma basi, tucheke wote."

Akasimama na daftari lake. "La nane. Mama Rosmaini anaomba, Mungu akiwajalia mtoto wa kike, apewe jina la marehemu mama yake, Lamsiah, kwa sababu katika nyumba yao hakuna tena wa kulibeba."

Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia Malin Bahar nikitumaini atasema msichana amekosea.

"Ndivyo nilivyosema," mzee akasema taratibu. "Siku ile na leo. Si uliniambia maneno yaleyale, Mwalimu? Sikulileta kwa ubaya. Mlilikataa kwa adabu, sisi tukakubali. Limepita."

"Tulikataa?" nikauliza.

"Jasril hakulirudia. Angekuwa mtu mwingine tungesema kasahau, tungemkumbusha. Lakini Jasril!" Akainua mikono yake miwili, akaishusha. "Jasril hasahau. Tukajua ni jibu."

Mjomba alikuwa bado ameketi vilevile, ameinama mbele, viganja juu ya magoti. Kisha akavificha chini ya mapaja, mbele ya watoto thelathini na wawili.

"Kirana," alisema peke yake, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Akasimama, akawaaga wanafunzi kwa kichwa, akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye mkeka.

Nilimwambia Mutia akae. Ilinichukua muda kumwambia samahani, na nilipomwambia sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.

Nilimkuta Mjomba nyumbani kwa Mama, kwenye ngazi ya nyuma, Mama amesimama juu yake na kijiko cha mbao mkononi.

"Nililisikia kutoka jikoni kwao, Jasril," Mama alikuwa akisema. "Nililisikia kabisa. Ulipoliruka nikadhani umeona ukoo wetu usifungwe na jina la ukoo mwingine. Nikasema kaka yangu ana sababu zake."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Wewe?"

Mjomba akajishika masikio, yote mawili, akayavuta chini kama mtoto anayeadhibiwa shuleni.

"Sikulisikia," alisema. "Nilikuwa nimekaa pale, kichwa kinaitikia, mimi nimeshaondoka. La saba lilikuwa na maneno mazuri. Nikaanza kupanga nitakavyolirudia. Nikawa najiona, Dada. Naona watu wanavyoniangalia. Yaliyofuata hayakuwa na pambo, nikayahesabu kama kikohozi." Akanigeukia. "Na leo tena, Yelmi. Leo tena! Mara mbili kaliweka mbele yangu yule mzee, na mara mbili sikuwepo."

Hata mimi leo sikulisikia, na nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao.

Jioni ileile alioga, akavaa nguo za shughuli, akachukua chombo cha shaba chenye tambuu, akakifunika kwa kitambaa kama mtu anayekwenda kuchumbia. Nikamfuata na mtoto mgongoni. Njiani watu wa kibanda cha kahawa walimwita.

"Jasril, unamwoa nani leo?"

Akapita moja kwa moja, na kwa kuwa si kawaida yake, wakarudi kwenye vikombe vyao.

Mama Rosmaini alikuwa barazani na ungo, anachagua mchele. Malin Bahar alikuwa ameshafika na ameshamwambia, nilijua kwa jinsi dada yake alivyoendelea kuchagua bila kuinua macho. Nilimshusha Kirana akaenda kuwafukuza kuku. Mjomba aliketi chini, si kwenye mkeka, akasukuma tambuu mbele.

"Dada Rosmaini, nimekuja kuomba uliseme tena jambo lako."

"Nilishalisema, Sutan," akajibu, akimwita Mjomba kwa cheo chake cha heshima.

"Ulilisema. Mimi sikuwepo."

"Ulikuwepo. Uliketi pale." Akaonyesha kwa kidevu sebuleni.

"Niliketi pale. Sikuwepo."

Mama Rosmaini akaweka ungo chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea kusikilizwa. Siku ile alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Alijua hana haki ya kuomba, mtoto ni wa ukoo wetu, jina ni letu kutoa. Alimnong'oneza kaka yake mlangoni, mikono inanuka vitunguu, kwamba kama haifai aache. Mama yake Lamsiah ndiye aliyeinunulia nyumba hii mbao, moja moja, kwa kuuza vitumbua vya mchele. Alitaka tu mtu aitwe hivyo, popote, hata kama ni nyumba nyingine. Sutan alipoliruka, yeye alirudi akamalizia vitunguu.

Mjomba alivuta pumzi. "Yaliyofika masikioni mwetu, enyi wenye nyumba, yaliyomiminwa kama..."

"Usinipambie," Mama Rosmaini akamkata.

Akaanza upya. Alirudia kwa maneno yaleyale ya yule mama, bila kuongeza hata moja: vitunguu, mlangoni, kama haifai aache, mbao moja moja, vitumbua vya mchele, akarudi akamalizia. Alikwama mara mbili. Kichwa chake hakikuegemea upande wowote. Sijawahi kumsikia akisema vibaya namna ile, na machozi yalikuwa yanamshuka puani, anayafuta kwa mkono wa shati la shughuli.

"Ndiyo," Mama Rosmaini akasema alipomaliza. "Ni hivyo."

"Mama," nikasema, "tutabadilisha jina. Kesho nitakwenda ofisini kuandikisha upya. Mjomba atalitangaza mbele ya watu. Lamsiah."

Aliniangalia. Nilidhani atafurahi, na ninaona haya kusema kwamba tayari nilikuwa nimeshaanza kujisamehe.

"Mtoto ana miaka miwili," alisema. "Akiitwa anageuka. Wewe unataka kumvua jina lake?"

"Lakini Mama ulitaka..."

"Nilitaka. Nimeshasikilizwa. Tosha."

Akachukua ungo wake, akaendelea kuchagua. Kirana alikuwa amepanda kwenye gogo la kupandia ngazi, anainama upande wa kuku, karibu kuanguka. Mama Rosmaini akageuza shingo.

"Kirana!" aliita. "Shuka hapo."

Jina lilimtoka kwa tabu kidogo, kama kiatu kipya. Mtoto akageuka, akashuka.

Nikatazama sakafu. Katika miaka miwili ile mama huyu hakuwahi kulitamka jina la mwanangu hata mara moja, na mimi, mwenye alama za juu za usikivu, ndiyo kwanza nilikuwa nagundua.